Jina kwa Penseli

Mwaka ule mvua za Handali zilipita
kama mgeni aliyekosea nyumba.
Uwele ukatoa masuke membamba,
na baba zetu, waliopanda treni pale Kikombo
na karanga za kukaanga mifukoni,
walikuwa bado hawajarudi kutoka Kagera.

"Jina la mzazi," akasema Mwalimu Mbijima,
daftari la mahudhurio wazi, kalamu ya wino mkononi.
Nikajibu kwamba baba yuko vitani.
Barua ya jeshi ilikuwa imefika wiki mbili nyuma.
Bibi aliificha chini ya chumvi, ndani ya debe,
nami nilikwisha kuisoma. Nilikuwa darasa la tatu,
maneno yote niliyajua isipokuwa "tunasikitika".

Mwalimu akaiweka kalamu chini.
Akachukua penseli, akaichonga kwa wembe, polepole,
kama mtu anayetafuta la kusema,
akaandika kwenye safu ya mlezi jina lake mwenyewe.
"Penseli hufutika," akasema.
"Baba akija, tutafuta."

Tulikuwa saba. Aliichonga mara saba.

Hakuwa malaika. Jumapili alinuka wanzuki,
fimbo yake ya mkole ilizijua ndama za miguu yetu,
na Jumamosi tulipalilia karanga zake
hadi jua likatusimamia utosini.
Mkewe, Mama Ndudula, alihesabu bakuli saba za mlenda
juu ya zile tano za watoto wa tumbo lake,
akasema maneno ambayo leo siwezi kumlaumu:
sabuni ilikuwa foleni, sukari ilikuwa hadithi,
redio ikituhimiza tufunge mikanda
nasi kaptula tumezifunga kwa kamba ya katani.
Lakini karanga zile zilikwenda sokoni
zikarudi zikiwa madaftari,
saba, yenye jedwali la kuzidisha mgongoni.

Siku moja, hesabu: mbuzi ishirini wamekwenda malishoni,
jioni wamerudi kumi na watatu.
Wangapi hawakurudi?
Mbeleje akanyoosha kidole, akasimama.
Hakusema saba.
Akasema: Chisumo. Mhawi. Chedego. Sudayi. Masinga.
Ndahani. Huyo ndiye wangu.
Kisha akasema: na baba.
Mwalimu akafuta ubao wote, hata tarehe,
akatutoa nje tukamwagilie miarobaini
ambayo haikuwa na kiu.

Kitabu cha kusoma kilikuwa na methali:
Yatima hadeki.
Akaruka ukurasa.
"Hii tutaisoma," akasema, "siku mtakapojua kudeka."
Hatukuisoma.
Ila Mbeleje alipochaguliwa kwenda Msalato
alilia kwamba sanduku lake la bati halina kufuli,
akalililia kufuli hilo njia nzima hadi stesheni,
akakataa kubembelezwa, akasusa hata muwa,
na Mwalimu, sanduku kichwani,
alicheka peke yake kama mtu aliyelipwa deni la zamani.

Mwaka jana nilirudi, nikaomba ufunguo wa stoo.
Bati zinavuja. Mchwa wamekula pembe za miaka.
Nililipata daftari letu chini ya majembe yasiyo na mipini,
limelowa na kukauka, limelowa na kukauka,
wino wote umekimbia:
majina yetu ni wingu la buluu,
hakuna tena mwana wa Ndahani,
hakuna tarehe, hakuna sahihi ya mwalimu mkuu.

Risasi iliyomchukua baba sikuiona.
Hii ya penseli niliigusa kwa kidole.
Mvua haikuiweza.
Kwenye safu ya mlezi, mwandiko ule ule uliolalia kushoto:
Mbijima, Mbijima, Mbijima,
na chini yake Mbijima,
mpaka saba.

Mlinzi akakohoa mlangoni.
Alikuwa anangoja ufunguo.